Mume alipigwa miale ya ubongo India, miezi 14 imepita na fundo bado lipo: je, pesa zimeenda bure?

Dadangu wa Langoni, ujumbe wako nimeusoma na ile ripoti ya MRI nimeipitia mstari kwa mstari, pole kwa yaliyowakuta na hongera kwa kusimama na mumeo mpaka hapa. Kwa wengine watakaosoma nieleze kisa kwa ufupi, ruhusa amenipa mwenyewe. Mumewe ni nahodha wa boti za abiria hapo Lamu, umri wake miaka thelathini na kitu, alishikwa na kichwa cha ghafla akatapika akapoteza fahamu, kufikishwa Mombasa skani ikaonyesha damu imevuja ubongoni upande wa kushoto kwa nyuma na chanzo chake ni AVM, yaani fundo la mishipa ya damu iliyounganika vibaya, kitu ambacho mtu anaweza kuishi nacho miaka na miaka bila kujua. Ukoo ukachanga, akaenda India akapigwa miale ya Gamma Knife, siku moja tu, akarudi nyumbani. Sasa miezi 14 imepita, MRI mpya inasema fundo bado lipo ila limepungua kidogo, na pembeni yake kuna uvimbe ambao zamani haukuwepo. Mashemeji wanasema pesa za watu zimeliwa. Dada anauliza: imefeli? Huo uvimbe si miale ndo imemuumiza? Fundo likifunga ndo kapona maisha? Na baharini atarudi lini?

Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Haijafeli. Miezi 14 ni mapema mno kuhukumu kazi ya miale kwenye AVM, na hata yule alietibiwa hospitali bora kuliko zote duniani kwa miezi 14 kuna uwezekano mkubwa MRI yake ingesema hivo hivo, fundo bado lipo. Lakini pia usimwambie mtu kwamba kapona, manake bado. Yuko katikati ya matibabu. Hili ndo jambo ambalo naona halielezwi vizuri kwa familia zinapokwenda nje: siku ya mashine ni mwanzo wa matibabu, yaliyobaki yanafanyika mwilini mwake kwa miaka miwili, mitatu, na wengine mpaka minne au mitano, na hayaonekani kwa macho wala hayasikiki.

Nieleze kwa nini inachukua muda hivo. Kwa kawaida damu inatoka kwenye mishipa ya presha kubwa inaingia kwenye vishipa vyembamba sana ndo inarudi kwenye mishipa ya presha ndogo. Kwenye AVM vile vishipa vyembamba vya katikati havipo, damu inaruka moja kwa moja kwa nguvu kutoka upande wa presha kubwa kuingia kwenye mishipa laini isiyoumbwa kwa kazi hio, na siku moja sehemu dhaifu inapasuka. Sasa miale haichomi fundo likakatika siku ile. Kinachofanyika ni kwamba mashine inapeleka miale midogo karibu 200 kutoka pande tofauti, kila mmoja peke yake ni dhaifu, yote inakutana pale kwenye fundo tu, na ngozi ya ndani ya mishipa ile inajeruhiwa. Ikijeruhiwa inaanza kuvimba na kuota ukuta mnene kwa ndani, taratibu, mpaka tundu linaziba. Wewe unajua maji ya kisima ya huku kwetu yalivyo, paipu inajaa chokaa kwa ndani kidogo kidogo mpaka siku moja ukifungua mfereji hakutoki kitu, na hakuna alieona siku gani paipu imeziba. Ndo mwendo wa miale.

Na sio kitu cha jana. Leksell, daktari wa upasuaji wa Sweden, alilianzisha wazo la kupasua kwa miale mwaka 1951, mashine ya kwanza ikafanya kazi Stockholm mwishoni mwa miaka ya 1960, na AVM ya kwanza ikapigwa miale mwaka 1970. Kwa hivo tuna zaidi ya miaka 50 ya kuangalia watu hawa wanaishiaje, ndo maana naweza kukujibu kuhusu miaka 10 na 15 mbele bila kubahatisha.

Tukija kwenye hesabu. Fundo la mumeo ripoti inasema lilikuwa kama sentimita 2.5 kabla ya kutibiwa, hilo ni dogo, alhamdulillahi, manake kwenye matibabu haya ukubwa ndo mwamuzi. Chini ya sentimita 3 unaweza kutoa dozi ya nguvu bila kuiumiza sehemu ya ubongo isiyo na ugonjwa, na mafundo ya aina hio yanafunga kwa watu kama 70 mpaka 80 kati ya 100 ukisubiri miaka mitatu hadi mitano. Likiwa kubwa inabidi dozi ishushwe ili ubongo usio na ugonjwa ulioko jirani usidhurike, na dozi ikishuka kufunga nako kunashuka, hapo wengine hawafiki hata nusu. Vituo 8 viliunganisha wagonjwa wao 2,236, wadogo kwa wakubwa, mafundo ya kila ukubwa, wakawafuata kwa wastani wa miaka 7, na matokeo yakatolewa mwaka 2017: kama 65 kati ya 100 yalifunga kabisa. Na waliokuwa hawajafunga mwaka wa tano wapo waliokuja kufunga baadae. Kwa hivo mashemeji waambie kwa upole tu kwamba swali la kama pesa zimeliwa litajibika mwaka wa tatu au wa nne, sio leo.

Sasa huo uvimbe. Najua neno uvimbe kwenye ripoti linatisha, watu huwaza saratani papo hapo. Huu sio huo. Ni maji maji kwenye nyama ya ubongo iliyo jirani na fundo, inaitikia miale, na wakati wake wa kutokea ni huu huu, mwezi wa 6 mpaka wa 18. Karibu theluthi moja ya wanaopigwa miale MRI zao zinaonyesha mabadiliko kama haya, na wengi wao hawasikii chochote, wangekuwa hawakupigwa picha wasingejua. Kwenye wale 2,236, waliopata dalili kweli, kichwa au kifafa au udhaifu fulani, ni kama 10 kati ya 100, na waliobaki na dalili za kudumu ni chini ya 3 kati ya 100. Kuna tafiti zilizoona kwamba uvimbe huu hutokea zaidi kwa wale ambao fundo lao linakuja kufunga, sikwambii ushangilie lakini pia usilie.

Kinachoamua kama uvimbe utibiwe ni hali ya mtu, sio picha. Umeniandikia kwamba kichwa kinamuuma asubuhi baadhi ya siku na panado inatosha, hana kutapika, hana kifafa kipya, anatembea na kusema vizuri. Basi hapo tunangoja, na MRI inarudiwa baada ya miezi mitatu. Kichwa kikizidi wiki hadi wiki, au akianza kutapika asubuhi, au kifafa kikaja, anahitaji steroidi, mara nyingi deksamethasoni, dozi inapandishwa alafu inashushwa pole pole kwa wiki kadhaa. Hio dawa naomba mtu asijinunulie dukani. Inapandisha sukari, inachoma tumbo, na ukiizoea alafu ukaikata ghafla mwili unaanguka. Nimeona watu pwani hii wanakunywa vidonge hivyo vya mkopo wa jirani miezi mizima, uso umejaa kama wamenenepa, sukari iko juu na hakuna anaejua kwa nini. Uvimbe ukigoma kabisa na steroidi kuna dawa ya mshipani inaitwa bevasizumabu, ni ghali, na wengi hawafiki huko.

Ngoja niseme na lile ambalo pengine hukuuliza kwa kuogopa. Je, anaweza kuvuja damu tena kabla fundo halijafunga? Ndio, anaweza. AVM iliyokwisha kuvuja mara moja ina hatari ya kama 4 mpaka 5 kwa mia kila mwaka kuvuja tena, na mwaka wa kwanza baada ya kuvuja ndo mbaya zaidi, huo mumeo keshauvuka. Miale haiondoi hatari hio siku ile ile. Madaktari wa Tokyo waliwafuata wagonjwa 500, wakachapisha mwaka 2005, wakakuta kwamba kwenye kipindi cha kungoja hatari ilishuka kwa asilimia 54 na baada ya fundo kufunga ikashuka kwa asilimia 88, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa wale walioanza kwa kuvuja damu, kama yeye. Wengine waliotafuta kitu hicho hicho kwenye kipindi cha kungoja wamekuta hatari iko pale pale. Kwa hivo mimi huwaambia watu wangu wapange kama vile hatari ipo, wakipata nafuu ni fadhila.

Kupanga kwenyewe kwa mtu wa Lamu ni kazi ya kweli manake nyinyi mko kisiwani. Dalili ya kukimbia nayo ni kichwa cha ghafla ambacho hajawahi kukiona, kinachofika kileleni ndani ya dakika, au shingo kukaza, au kutapika na kuchanganyikiwa, au upande wa mwili kulegea, au jicho kuzima. Hapo hakuna kumpa maji ya sukari, hakuna kulala kwanza tuone asubuhi. Hospitali ya King Fahd hapo Lamu mara moja, waambie neno moja tu, ana AVM aliwahi kuvuja damu, ili wasianze kutafuta malaria. Na kabla ya siku hio, leo hii wakati mko salama, kaeni muamue: usiku boti ya nani itawavusha mpaka Mokowe, namba yake iko kwenye simu ya nani, ambulansi itawangoja wapi, mchana ndege ya Manda inaita bei gani na nani atalipa kwanza, Mombasa mnaenda hospitali gani. Andikeni kwenye karatasi mbandike nyuma ya mlango. Familia iliyopanga inaokoa masaa, na ubongo unaovuja damu hauna masaa ya kupoteza.

Sasa tuseme fundo limefunga. Tutajuaje? MRI kila miezi sita mwaka huu na ule ujao, alafu kila mwaka. MRI ikisema halionekani tena hatuishii hapo, manake inaweza kukosa kipande kidogo kilichobaki, na kipande kidogo kinavuja damu vile vile. Ndo tunafanya angiogramu, ule mpira mwembamba unaoingizwa kwenye paja au kwenye kifundo cha mkono mpaka mishipa ya shingo, dawa inapitishwa, picha zinapigwa mfululizo. Kawaida inafanywa ukifika mwaka wa tatu. Inagharimu, na najua mtu akiwa mzima na MRI imesema safi kila mtu nyumbani atasema ya nini tena. Nakuomba hii msiikwepe. Bila hio hakuna daktari mkweli atakaekwambia kwamba limefunga.

Likithibitika limefunga, hatari ya kuvuja inabaki chini ya 1 kwa mia kwa mwaka, ndogo sana lakini sio sufuri. Na hapa ndo nataka unisikize vizuri zaidi kuliko pote, manake ndo mahali watu wanapotea. Mtu akiambiwa limefunga anashukuru Mungu, anafanya maulidi, na hatumuoni tena. Lakini miale ina kumbukumbu ndefu. Watu wachache, wachache kweli, miaka 5, 10, na wengine hata zaidi ya 15 baadae wanapata mfuko wa maji pale fundo lilipokuwa, au donge la damu iliyokaa muda mrefu linalotanuka pole pole. Dalili zake ni kichwa kinachorudi, kifafa kinachorudi, macho kuharibika taratibu. Mfuko mdogo usioleta shida tunauangalia tu, ukikua na kuleta dalili unatolewa kwa upasuaji na wengi wanaendelea vizuri. Shida ni kwamba miaka 10 mbele hakuna daktari wa zahanati atakaeunganisha hicho kichwa na miale ya zamani hizo, mpaka mtu mwenyewe au mkewe aseme. Kwa hivo hata baada ya kufunga piga MRI kila baada ya miaka michache, mimi husema mitatu hadi mitano kama hana dalili, na huu ni mtazamo wangu, vituo vinatofautiana kidogo. Wale wanaosema ameshafunga basi kwaheri, mimi sikubaliani nao kabisa, hasa kwa kijana ambae ana miaka 40 mbele yake.

Na saratani ya miale, najua utauliza. Imewahi kutokea, ipo kwenye maandishi, lakini ni adimu mno mno, watu wachache katika maelfu na maelfu waliofuatwa miaka mingi. Ukiipima na fundo lililokwisha kuvuja mara moja ambalo ukiliacha linacheza na maisha yake kila mwaka, hio sio sababu ya kujuta kumpeleka. Ulifanya sawa.

Na kama halikufunga? Ikifika mwaka wa tatu au wa nne na kimebaki kipande, huo sio mwisho. Mara nyingi kilichobaki ni kidogo kuliko cha mwanzo, na kitu kidogo kina dawa nyingi. Miale inaweza kurudiwa, na zaidi ya nusu ya wanaorudiwa hufunga mara ya pili, ila hatari ya uvimbe inaongezeka kidogo kwa sababu ubongo ule unapata dozi juu ya dozi. Au kipande kikiwa juu juu daktari wa upasuaji anaweza kukitoa, na wenzangu wengi wanakiri kwamba fundo lililowahi kupigwa miale halivuji sana likiguswa, kazi inakuwa nyepesi. Hayo tutayazungumza wakati wake, msianze kuchanga leo.

Haya, bahari. Hapa ntakuwa mkali kidogo nisamehe. Fundo lake liko kushoto kwa nyuma, na sehemu ile ndo inayosoma picha za macho, kushoto inasoma upande wa kulia wa dunia. Damu ilipovuja pale inaweza kuwa imekula kipande cha kuona kwake upande wa kulia, kwa macho yote mawili, na mtu mwenye tatizo hili mara nyingi hajui kama analo, anajiona mzima, anashangaa tu kwa nini anagonga mlango bega la kulia au anaacha wali upande mmoja wa sahani. Jaribu hivi nyumbani: kaa mbele yake uso kwa uso, karibu mkono mmoja na nusu, mwambie akutazame puani asihamishe macho, afunike jicho moja kwa kiganja. We nyoosha mkono pembeni uchezeshe kidole kimoja, kwanza upande wake wa kushoto alafu wa kulia, juu na chini, aseme akikiona. Alafu jicho la pili. Kama upande wa kulia anachelewa kukiona au hakioni mpaka kifike karibu na katikati, kwa macho yote mawili, basi huyo hawezi kushika usukani kwenye mkondo wa kati ya Lamu na Manda saa ambazo boti zinapishana, atamgonga mtu na ataapa kwamba hakumuona, na atakuwa anasema kweli. Hata ukiona yuko sawa bado apimwe macho kwa mashine Mombasa mara moja, jaribio la nyumbani linakamata makubwa tu.

La pili ni kifafa. Umesema alishikwa mara mbili baada ya kuvuja damu na sasa anakunywa dawa, hajashikwa tena tangu mwaka jana. Habari njema ni kwamba fundo likifunga, wengi waliokuwa na kifafa wanapata nafuu kubwa, wengi wao hawashikwi kabisa. Lakini dawa haachi kwa kujisikia mzima. Nahodha akishikwa usukanini na abiria 15 ndani, hio sio ajali ya mtu mmoja. Msimamo wangu: mwaka mzima bila kushikwa hata mara moja, macho yamepimwa yako sawa, uvimbe umetulia kwenye MRI, hapo anaweza kurudi majini kwanza kama msaidizi, boti yenye nahodha mwengine, amevaa boya, sio msimu wa kusi bahari ikiwa imechafuka. Kupiga mbizi hapana kabisa mpaka tujue limefunga na kifafa kimekaa kimya muda mrefu. Najua hii inauma manake ndo mkate wa nyumba. Kama mwenye boti anaweza kumpa kazi ya kukata tiketi jetini au ya injini nchi kavu kwa sasa, ombeni hilo.

Muguka na miraa aache, zinapandisha presha na zinamnyima usingizi, na kukosa usingizi ni njia ya moja kwa moja ya kuita kifafa. Presha yenyewe apimwe kila mwezi. Ramadhani akiruhusiwa kufunga, dawa yake ya mara mbili kwa siku inaweza kupangwa kwenye futari na daku, lakini amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama, sio siku ya tatu akiwa tayari ameshikwa. Na kombe na dua endeleeni navyo, mimi sina neno navyo. Ninachokataa ni yule anaemwambia mgonjwa aache vidonge ndo dawa yake ishike.

Uliuliza kwa haya kuhusu nyinyi wawili, nikujibu wazi. Miale haikubaki mwilini mwake, ilipita ikaisha siku ile ile, wewe na watoto mkilala karibu yake hampati kitu. Mwaweza kuishi kama mume na mke. Na kupata mtoto hakuna kizuizi kwake, miale ilikwenda kichwani, huko kwengine kilichofika ni kidogo mno. Ingekuwa mgonjwa ni mwanamke ningesema ushike mimba baada ya fundo kufunga ikiwezekana, manake kuvuja damu ukiwa mjamzito ni janga la watu wawili. Watoto wenu kurithi AVM? Kwa kawaida hairithiwi. Isipokuwa kama kwenye ukoo kuna watu wengi wa kutoka damu puani mara kwa mara bila sababu, na vidoa vyekundu midomoni, hapo niambie kuna ugonjwa wa kurithi tunaoutafuta.

Kuhusu yule binamu wa mumeo ambae AVM yake imeonekana kwa bahati tu alipopigwa skani ya kichwa na haijawahi kuvuja: huyo msimkimbize India kwa sababu ya huyu. Ni hesabu tofauti. Kulikuwa na jaribio kubwa, ARUBA, la watu 223 wenye AVM ambazo hazijavuja, matokeo yakatoka mwaka 2014: kwa wastani wa miezi 33, waliotibiwa kwa njia yoyote walipata kiharusi au kifo 30.7 kwa mia, walioachwa na dawa za kawaida tu 10.1. Wengi walilipinga na mimi nina wasiwasi nalo pia, manake miezi 33 ni kipindi ambacho miale ndo kwanza inafunga, umehesabu gharama yote na faida hujaingoja. Lakini linatosha kusema kwamba AVM isiyovuja inahitaji mazungumzo ya utulivu na mtu anaeijua, kuangalia umri wake, ukubwa, ilipokaa, sio haraka ya hofu.

La mwisho ni kazi yako wewe. Hospitali ya India waliwapa CD ya picha na karatasi za siku ya matibabu, kwenye hizo karatasi kuna ukurasa wenye volumu ya fundo, yaani ukubwa wake, na dozi ya ukingoni, yaani miale iliyofika kwenye ukingo wa fundo, imeandikwa kwa grei, kipimo cha miale, pengine 18 au 20 au zaidi. Itafute. CD usiiache kabatini na hewa ya chumvi ya Lamu, nakili kila kitu kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe, kila MRI mpya ifanye hivo hivo, na kila ukienda kupiga picha nyengine nenda na za zamani ili mtaalamu wa picha alinganishe badala ya kuandika bado lipo kama vile analiona mara ya kwanza. Ripoti yenu hii ya juzi haina mahali popote inapotaja picha za kabla ya miale, hilo neno 'limepungua kidogo' sijui mtaalamu amelipima na nini. Ukipata ule ukurasa piga picha, funika jina lake, nitumie, nikiona volumu na dozi ntakwambia nafasi yake ya kufunga kwa karibu zaidi kuliko nilivyoweza kusema leo.